Hivi mgomo wa watumiaji umewahi kumrudisha nyuma mwenye mtandao?

#1 Mlinzi wa Zamu
Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia kwa kujitolea ukumbi wa watu wenye kisukari kwenye mtandao mmoja mkubwa. Tuko wasimamizi saba na wanachama wameshapita 40,000. Wiki iliyopita menejimenti imetangaza kwamba zana tunazotumia kuchuja matapeli zitakatwa mwisho wa mwezi, na anayezitaka alipie. Hatukuulizwa. Tulisoma tangazo kama mtu mwingine yeyote.

Niwaeleze kwanza hizo zana zinafanya kazi gani. Usiku wa kawaida naikuta foleni ya ripoti ina vitu mia na kitu. Themanini kati ya hivyo ni yuleyule muuza dawa ya "kuachana na insulini ndani ya siku 21". Akaunti mpya kila mara, picha ileile ya chupa ya kijani. Roboti letu linamjua kwa hiyo chupa na linamfuta kabla hajaonekana. Likiondoka nabaki mimi na kidole changu, na mama aliyeambiwa jana kwamba mwanawe ana kisukari atalisoma bandiko lile kabla sijaamka.

Kumbi nyingine zimeanza kuitana tufunge milango Jumatatu na Jumanne. Sisi tunapiga kura Ijumaa usiku. Kabla sijapiga yangu nataka kujua jambo moja: kuna mahali watumiaji walisusa na mwenye mtandao akarudi nyuma kweli? Sisemi kuomba radhi, nasema kurudi nyuma.

Mimi nionavyo, ule mgomo wa Reddit, mtandao wa kumbi za mijadala, wa 2023 ulikufa kwa sababu walitangaza kwamba ni wa saa 48 tu. Ukimwambia bosi utarudi kazini Jumatano, anachofanya ni kuisubiri Jumatano.

#2 Kasuku Mweusi
Naweka kambi hapa. Fundi Waya uko wapi, hii mada yako.

#3 Fundi Waya
Nimefika. Niweke mtiririko wa Reddit kwa ambao hawakuufuatilia, maana bila huo tutabishana hewani.

Aprili 2023 kampuni ilitangaza kwamba API, yaani ule mlango ambao programu za watu wengine hupitia kuchukua na kupeleka data, itaanza kulipiwa. Mwisho wa Mei bei ikajulikana: dola 0.24 kwa kila maombi 1,000. Unaiona ndogo mpaka uizidishe. Christian Selig, aliyetengeneza Apollo, programu ya simu ya kusomea Reddit, alisema watumiaji wake walikuwa wanapitisha maombi kama bilioni 7 kwa mwezi. Piga hesabu, unapata kama dola milioni 20 kwa mwaka, na bei inaanza Julai 1. Mtu amepewa siku thelathini kutafuta milioni ishirini. Apollo ikafungwa Juni 30. Programu nyingine kama hiyo, RIF, Sync na BaconReader, nazo zikafa kipindi hichohicho.

Mgomo ulianza Juni 12. Kumbi zaidi ya 8,000 zilifungwa. Steve Huffman, mkuu wa kampuni, akawaandikia wafanyakazi wake kwamba zogo hili litapita kama mengine yalivyopita. Waraka ukavuja, watu wakauona kwa macho yao.

Sasa mleta mada, kuhusu zile saa 48 nakubaliana nawe nusu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba waligoma wakiwa hawana wanachodai kwa sauti moja. Huyu anataka bei ishuke, yule anataka muda uongezwe, mwingine anataka Huffman aondoke.

#4 Binti Mwangaza
Kaka Fundi umeandika bei, mimi niandike upande ambao bei haiuonyeshi.

Mimi sioni. Natumia kisoma skrini. Kwenye programu rasmi ya mtandao niliokuwa natumia (siutaji), nikitelezesha kidole nasikia: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Kumi na nne. Kitufe." Kumi na nne ya nini? Waliotengeneza hawakuvipa vitufe majina. Nilikuwa nakwenda kwa kuhesabu, cha tatu ndicho cha kujibu, cha tano ni kuripoti, na siku wakibadilisha mpangilio naanza kuhesabu upya. Mara mbili nimeripoti watu waliokuwa wananifariji, kwa kukosea hesabu.

Halafu kulikuwa na programu ya nje, ya mtu mmoja tu, aliyekaa akaandika jina la kila kitufe. "Jibu." "Majibu kumi na nne." "Ripoti." Ilipofungwa niliomboleza kama nimefiwa.

Kwenye sakata la Reddit, ukumbi wa wasioona ulipaza sauti sana, na kampuni ikazisamehe ada programu chache zisizo za biashara zinazosaidia watu kama sisi. RedReader na Dystopia zilikuwemo. Kwa hiyo Mlinzi, mtu wa kwanza kukujibu "ndiyo" ni mimi. Ndiyo ndogo, lakini mimi ndiyo niliyoishi nayo.

#5 Jicho la Tai
Naipinga hoja ya saa 48. Kumbi nyingi zilibaki zimefungwa baada ya Juni 14, tena zilisema wazi hazifungui. Kilichozifungua ni ujumbe kutoka kwa kampuni: fungueni, au tutaweka watu watakaofungua.

Wengine wakafungua kwa ujanja. Ukumbi wa picha wa r/pics ulipiga kura kwamba picha pekee inayoruhusiwa ni ya mchekeshaji John Oliver. Wengine wakajitangaza kuwa kumbi za watu wazima tu, kwa kuwa huko kampuni haiweki matangazo, na hapo ndipo baadhi ya wasimamizi walipovuliwa madaraka. Kumbukeni Huffman alishawaita wasimamizi mabwanyenye waliojimilikisha ardhi. Halafu Septemba 2024 kampuni ikafunga mjadala: ukitaka kuugeuza ukumbi uwe wa faragha, omba kibali kwanza.

Funguo zilikuwa za kampuni tangu siku ya kwanza. Ninyi mlikabidhiwa kuzishika.

#6 Mlinzi wa Zamu
Kwa hiyo tukifunga Jumatatu, wanaweza kutuletea wasimamizi wapya Jumatano asubuhi?

#7 Jicho la Tai
Wanaweza. Ila sijui watampata wapi mtu anayeijua ile chupa ya kijani.

#8 Chumvi Kiasi
Watu mnaisahau Facebook. 2006 walileta News Feed, ule ukurasa unaokuonyesha wanayofanya rafiki zako, wanafunzi zaidi ya laki saba wakaungana kuipinga, ndani ya siku chache Zuckerberg akaiondoa. Mleta mada jibu lako hilo.

#9 Mwalimu Kipenga
Sahihisho, ndugu Chumvi. Hakuiondoa. News Feed ilitoka Septemba 5, 2006. Septemba 8 Zuckerberg aliandika kuomba radhi, akaongeza vidhibiti vya faragha, na News Feed ikabaki mpaka leo. Na lile kundi la wapinzani liliongezeka haraka kwa msaada wa hiyohiyo News Feed, maana kila aliyejiunga, rafiki zake walionyeshwa kwamba amejiunga.

Iliyoondolewa ni Beacon, iliyokuja Novemba 2007. Ile ilikuwa inawatangazia rafiki zako ulichonunua kwenye tovuti nyingine. Ilifungwa 2009, na siyo kwa kelele tu, kulikuwa na kesi mahakamani.

Kuna kisa cha tatu ambacho ningependa Mlinzi akikisome kabla ya Ijumaa. Mwaka 2009 Facebook iliahidi kwamba watumiaji watapigia kura mabadiliko makubwa ya kanuni, na wakishiriki 30% matokeo yataifunga kampuni. Desemba 2012 ikaitishwa kura, na miongoni mwa mapendekezo lilikuwemo la kuufuta utaratibu wenyewe wa kura. Zilipigwa zaidi ya 660,000, karibu 88% zikikataa. Wakati huo watumiaji walikuwa kama bilioni 1, maana yake zilitakiwa kura kama milioni 300. Matokeo yakahesabiwa kuwa ushauri tu, utaratibu ukafutwa.

#10 Chumvi Kiasi
Asante mwalimu, nimekosea na nimekubali. Lakini hiyo namba yako inanipa hoja nyingine. Kati ya watu bilioni, 660,000 ndio waliobonyeza. Wengi wanafungua mtandao waone picha ya mpwa wao, wafunge, walale. Kila anayepanga mgomo anawahesabu watu ambao hata hawajui kuna ugomvi. Mimi nadhani hapo ndipo migomo yote inapofia, kwenye wale wasiojua, na tarehe wala funguo hazihusiki.

#11 Nahodha Mstaafu
Vijana mmesahau Digg, mtandao ambao watumiaji walikuwa wanaleta habari na kuzipigia kura. Agosti 2010 walileta toleo la nne, wakaondoa kitufe cha kuzika habari mbovu, wakawapa wachapishaji wakubwa njia ya kumimina habari zao wenyewe moja kwa moja. Agosti 30 watumiaji wakatangaza siku ya kuihama, ukurasa wa mbele ukajaa viungo vya Reddit. Miaka miwili baadaye, Julai 2012, jina na tovuti viliuzwa kwa kama dola 500,000, kwa taarifa za wakati ule. Mtandao uliokuwa unaangusha seva za watu kwa wingi wa wageni unaowapelekea!

Tofauti ya Digg na hawa wengine ni moja. Walikuwa na pa kwenda, na pale mahali palikuwa tayari pana watu.

#12 Kabati la Vitabu
Nahodha, shikamoo. Nakubali nusu. Digg ilishaanza kuchoka kabla, na toleo la nne lenyewe lilikuwa linaanguka kila mara, hata mtu asiye na ugomvi alikuwa anakuta kurasa za hitilafu. Tukisema mgomo ndio ulioiua tunaupa sifa zaidi ya unazostahili.

Lakini Digg hiyohiyo ina kisa cha 2007 ambacho kinamjibu mleta mada vizuri zaidi. Mei 1 mwaka ule kampuni ilianza kufuta mabandiko yaliyokuwa na namba ya siri ya kufungulia diski za HD DVD, kwa kuogopa kushtakiwa. Watumiaji wakaibandika namba ile kila mahali, ukurasa wa mbele ukawa namba tupu. Usiku uleule Kevin Rose, mwanzilishi wa Digg, akaandika kwamba wamesikia na hawatafuta tena, liwalo na liwe. Hawakuzima chochote na hawakufunga mlango. Waliujaza.

#13 Kasuku Mweusi
Kisa cha namba kimenifurahisha. Mlinzi jazeni chupa za kijani.

#14 Mlinzi wa Zamu
Kasuku ndugu yangu, kuna watu wanaacha sindano kwa ajili ya ile chupa. Hiyo hapana.

#15 Kasuku Mweusi
Umenisahihisha vizuri. Samahani mkuu.

#16 Fundi Waya
Naongeza kisa cha kuhama ambacho hakina ubishi: Freenode, mtandao wa soga za IRC uliotumiwa na miradi mingi ya programu huria. Mei 2021 wafanyakazi wa kujitolea walijiuzulu kwa pamoja wakipinga namna umiliki na uendeshaji ulivyochukuliwa, na Mei 19 wakafungua Libera.Chat. Siku chache baadaye utawala mpya wa Freenode ukateka mamia ya vyumba kwa sababu tu maelezo yake yalitaja jina la Libera. Miradi iliyokuwa bado inasitasita ikafungasha wiki hiyohiyo.

Angalieni walichobeba. Hawakuwa na jina, hawakuwa na anwani. Walibeba watu wanaojua kuendesha seva. Mtumiaji alibadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio yake, akawakuta walewale.

#17 Msusi wa Hadithi
Mimi nilikuwa LiveJournal, mtandao wa watu kuandika shajara na hadithi zao. Mei 2007 tuliamka tukakuta akaunti kama 500 zimefungwa, majina yamepigwa mstari katikati. Ndiyo maana mpaka leo wazee wa kule wanaliita tukio lile "mstari". Zilizofungwa zilichaguliwa kwa maneno yaliyoandikwa kwenye orodha ya vitu unavyovipenda. Vikundi vya waliobakwa waliokuwa wanasaidiana vilifungwa kwa sababu neno "ubakaji" limo kwenye orodha. Kikundi changu kilikuwa cha hadithi tu, hakikuguswa, lakini nakumbuka nilivyokaa nikinakili hadithi moja moja usiku kucha, nabandika kwenye faili, nahifadhi, nabandika. Za wenzangu pia. Kidole cha shahada kilivimba.

Kampuni iliomba radhi na kurudisha akaunti nyingi. Machi 2008 wakaondoa akaunti za bure zisizo na matangazo, tukasusa kuandika siku moja nzima. Baadaye zile akaunti zilirudi, kwa hiyo hata hapo mleta mada unaweza kuandika ndiyo.

Ila ushindi wenyewe naona ulikuwa kwingine. Watu walisema tuwe na seva zetu. Archive of Our Own, maktaba ya hadithi za mashabiki, ikafunguliwa kwa wote Novemba 2009, haina matangazo, inaendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Dreamwidth, ya shajara kama LiveJournal, nayo ilifunguliwa 2009. Zipo mpaka leo. Hazikujengwa kwa wiki mbili. Walichukua miaka miwili ya vikao, lini tununue mashine, nani atajibu barua za wanasheria.

#18 Chumvi Kiasi
Dada Msusi, hadithi zako za wakati ule zinasomeka wapi? Tunaomba kiungo.

#19 Msusi wa Hadithi
Hizo zimebaki kwenye faili, na faili limebaki kwangu. Turudi kwenye mada.

#20 Kabati la Vitabu
Dada Msusi amegusa jambo ambalo wengi wanaliruka: kilichoandikwa ni cha nani?

Tazameni Wikitravel, tovuti ya miongozo ya safari iliyoandikwa na watumiaji wenyewe. Ilinunuliwa na kampuni ya Internet Brands mwaka 2006. Waandishi wa Kijerumani wakaondoka mwaka huohuo wakaanzisha Wikivoyage, na 2012 wale wa Kiingereza nao wakaamua kuhama. Waliweza kubeba makala zote kwa sababu leseni iliruhusu yeyote kunakili. Kampuni ikawashtaki wahariri wawili wa kujitolea, kesi ikamalizika 2013, na Januari 15 mwaka huo Wikivoyage ilikuwa imeshazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia.

Kabla ya hapo, Februari 2002, waandishi wa Wikipedia ya Kihispania walijitenga kwa kuhofia matangazo, wakaanzisha kamusi elezo yao kwenye seva za Chuo Kikuu cha Sevilla. Wikipedia haijawahi kuweka matangazo ya biashara mpaka leo. Sisemi ni wao peke yao. Ila mtu akiweza kuondoka na nakala nzima, mwenye nyumba anaongea naye kwa adabu.

Mlinzi, masharti ya mtandao wenu yanasemaje kuhusu mabandiko?

#21 Mlinzi wa Zamu
Nimeyafungua sasa hivi. Mwandishi anabaki na haki yake, kampuni inapata ruhusa ya kutumia milele. Sisi wasimamizi hatutajwi popote. Kwa hiyo nikitaka kunakili mwongozo wa mtu lazima nimwombe mwenyewe.

#22 Kidole Kimoja
Nimechelewa, ila kuna mgomo ulioisha kwa mazungumzo na hamjautaja. Juni 5, 2023, wiki moja kabla ya ule wa Reddit, wasimamizi wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, na tovuti dada zake waliweka zana chini. Kampuni ilikuwa imewaagiza waache kufuta majibu yanayoshukiwa kuandikwa na akili mnemba, na maagizo waliyopewa faraghani hayakulingana na yaliyotangazwa hadharani. Hawakufunga ukurasa hata mmoja. Waliacha tu kufanya kazi, na roboti lao la kunasa taka wakalizima. Agosti walifikia makubaliano, pamoja na jinsi kampuni itakavyotoa data za tovuti kwa umma.

Kwa hiyo ninaloongeza mezani ni hili: gomeni kazi, msigome mlango.

Niseme pia upande wa pili ili nisidanganye. Mei 2024 kampuni hiyohiyo ilitangaza ushirikiano na OpenAI, kampuni ya akili mnemba, na baadhi ya watumiaji wakaanza kufuta au kuharibu majibu yao ya zamani kwa hasira. Majibu yakarudishwa, wao wakasimamishwa. Leseni aliyoisifia Kabati ndiyo iliyowazuia: ukishakitoa kwa wote, huwezi kukinyang'anya.

#23 Sukari Saba
Naomba niongee kama mgonjwa. Huwa nasoma tu, leo nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu.

Wakati wa mgomo mmoja, siutaji ni wa mtandao gani, mume wangu alishuka sukari saa tisa usiku. Alishapata juisi, alishaamka, lakini kipimo kilikuwa kinapanda kisha kinashuka tena. Nilikumbuka kulikuwa na uzi wa mama mmoja aliyepitia hilohilo, ameandika dakika kwa dakika alichofanya na alipoamua kwenda hospitali. Nilitafuta, nikaupata kwenye matokeo, nikabonyeza. "Ukumbi huu ni wa faragha." Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

Tulikwenda hospitali, akapona. Sina kinyongo na waliofunga, niliwaelewa baadaye. Ila Ijumaa usiku mkipiga kura, jueni kwamba kwenye kile kidirisha cha "faragha" kwa nje kuna mtu amesimama, na siyo yule mwenye kampuni.

#24 Mlinzi wa Zamu
Dada Sukari Saba, pole sana, na asante. Nimekisoma hiki kwa wenzangu wote sita.

#25 Mhasibu wa Kati
Mtanipiga mawe, lakini lazima mtu aseme. Seva ni gharama. Reddit ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 90 mwaka 2023. Kampuni za akili mnemba zilikuwa zinachota mazungumzo ya watu bure. Huffman alisema wazi Aprili ile kwamba data hiyo ina thamani na haoni sababu ya kuwapa bure makampuni makubwa. Februari 2024 ikaripotiwa mkataba na Google wa kama dola milioni 60 kwa mwaka. Machi 21, 2024 wakaingia soko la hisa la New York kwa dola 34 kwa hisa. Watumiaji wa kila siku walikuwa kama milioni 73 mwisho wa 2023, mwisho wa 2024 wakapita milioni 100.

Hizo ni namba za mtandao ulioambiwa utakufa. Menejimenti walipima kwamba wenye hasira ni wachache na wengine watabaki, na walipima sawa.

#26 Binti Mwangaza
Kaka Mhasibu, sikupigi mawe. Nakuuliza tu: kwenye hizo milioni 100 mimi nimo au simo? Akaunti yangu ipo. Naingia mara moja kwa wiki, nahesabu vitufe, nachoka, natoka. Kwenye ripoti yao nimehesabiwa kuwa nimebaki.

#27 Mhasibu wa Kati
Dada Binti, ripoti zao ni za anayeingia kila siku, kwa hiyo kwa maelezo yako hukuhesabiwa siku nyingi. Lakini nimekuelewa. Hakuna safu ya kuandika aliyechoka.

#28 Nahodha Mstaafu
Ninyi mnashangaa kufanyishwa kazi bure? Nilikuwepo zama za AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti. Kulikuwa na maelfu ya watu wa kujitolea wanaosimamia vyumba vya soga, wana zamu, wana ripoti za kujaza, wana mafunzo, malipo yao ni akaunti ya bure. Mwaka 1999 waliokuwa wasimamizi wakaishtaki kampuni wakidai walikuwa wafanyakazi. Kesi ilivuta zaidi ya miaka kumi, ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Hata hivi karibuni, 2022, watafiti wa Marekani walikadiria kazi ya wasimamizi wa Reddit kuwa na thamani ya angalau dola milioni 3.4 kwa mwaka. Mlinzi, wewe na wenzako mmewahi kuhesabu saa zenu?

#29 Mlinzi wa Zamu
Mzee, hatujawahi. Nimejaribu leo. Mimi peke yangu ni kama saa kumi na moja kwa wiki, kwa miaka sita. Sikuanza kwa ajili ya malipo na sitaki malipo. Nilianza kwa sababu nilipogunduliwa kisukari, mtu nisiyemjua alikesha nami akinielekeza namna ya kusoma kipimo. Nataka tu wasininyang'anye koleo wakati bado nazoa.

#30 Chumvi Kiasi
Kuhusu Reddit tena, mbona 2015 walishinda? Ellen Pao, mkuu wa Reddit wakati ule, alimfukuza Victoria Taylor, yule aliyekuwa anaratibu mahojiano na watu maarufu, kumbi zikafungwa, na Pao akaondoka baada ya wiki moja. Mkuu mzima kaondoka.

#31 Mwalimu Kipenga
Chumvi, leo tuna darasa mimi na wewe. Ni kweli kumbi zilifungwa Julai 2015 na ombi la kumtaka Pao aondoke lilipata sahihi zaidi ya 200,000, naye akajiuzulu Julai 10. Lakini baadaye ikajulikana kwamba uamuzi wa kumwondoa Victoria ulitoka kwa Alexis Ohanian, mwanzilishi mwenza wa Reddit, siyo kwa Pao. Na aliyerudi kushika kiti ni nani? Steve Huffman, huyohuyo wa 2023. Umati ulimwangusha mtu ambaye hakufanya lile lililowakasirisha, na kwa miezi kadhaa ulikuwa umemtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sioni ushindi pale.

#32 Jicho la Tai
Nimesoma vyote, na bado nasema ni pesa. Julai 2022 Instagram ilikuwa inajaribu kujigeuza TikTok, picha zinajaa skrini nzima, mapendekezo ya watu usiowajua. Lilianzishwa ombi la kuipinga, watu wa kawaida wakalalamika, kimya. Kim Kardashian na Kylie Jenner walipolisambaza ombi lile, ndani ya siku chache Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, akatangaza wanarudisha nyuma. Mtu mmoja anayetazamwa na mamia ya milioni ana uzito kuliko kumbi 8,000.

#33 Msusi wa Hadithi
Kwa hiyo watu wa kisukari wamsubiri mtu maarufu awasemee? Jicho, hilo silikubali. Sisi hatukuwa na maarufu hata mmoja.

#34 Jicho la Tai
Silipendi pia. Nimesema ndivyo ninavyoona inafanya kazi.

#35 Mlinzi wa Zamu
Wakuu, kura imepigwa. Nne kwa tatu.

Hatufungi mlango. Kuanzia Jumatatu ukumbi ni wa kusoma tu, mabandiko yote ya zamani yanasomeka, hakuna jipya, isipokuwa uzi mmoja wa dharura ambao tutaulinda kwa zamu za saa nne nne. Hatukuweka tarehe ya mwisho. Tunachodai ni kitu kimoja, roboti la kuchuja liendelee bila ada kwa kumbi za afya. Barua tumeituma saa moja iliyopita.

Watatu waliokataa walitaka tufunge kabisa, na mmoja wao amejiuzulu. Alikuwa nami tangu mwaka wa kwanza. Sijui kama tulimkosea.

#36 Fundi Waya
Mkuu, miongozo ambayo wenyewe wamekubali inakiliwe, nitumie majina. Nina seva imekaa tu. Tukianza leo usiku, ile mikubwa itakuwa salama kabla ya Jumatatu.

#37 Jicho la Tai
Watawaandikia kufikia Alhamisi, wafungulieni au muondoke. Andikeni jibu kabisa sasa, msiliandike siku hiyo mkiwa na hasira.

#38 Sukari Saba
Ule uzi wa sukari kushuka usiku utasomeka?

#39 Mlinzi wa Zamu
Utasomeka. Nimeubandika juu kabisa, wa kwanza.

Fundi, wenyewe kumi na tisa wameshakubali, majina nakutumia sasa hivi. Foleni ina 131, naingia zamu.